Mtu Anayetakiwa na Jina la Nchi

(Mazungumzo yaliyosomwa Mpepai, Mbinga, na mwenye duka mmoja wa huko, mbele ya wakulima na wafanya biashara wenzake. Tumeyapiga chapa kama yalivyosomwa.)



 Wengi wenu mnanijua kwa mizani yangu na daftari langu la madeni, wala hamnijui kwa hotuba. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni, nimesoma Kurani juu ya mkeka, kisha nikashika biashara. Basi hapana shaka yuko atakayeuliza: mtu wa namna hii ana haki gani ya kusema juu ya mambo ya serikali na serikali?

Jawabu langu ni kwamba jambo nitakalolisema, kabla ya kuwa la mabalozi na mawaziri, ni jambo la mlangoni. Mtu amekuja mbio mlangoni pako. Nyuma yake wako wanaomtaka. Je, utamtoa ama hutamtoa? Na ukimtoa, utamtoa kwa nani, kwa sharti gani, na kwa hukumu ya nani? Nchi moja inapoambiwa na nchi nyingine, "Tupe fulani, tunamtaka," swali ni hilo hilo. Nalo hufuatana na la pili: watu wakipiga kelele juu ya jambo hilo, je, wanaliharibu jina la nchi yao au wanalisitiri?

Nitaanza na duka langu, maana asiyekiri kosa lake hana uso wa kutaja la mwenziwe.

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya msimu wa kahawa, wakati fedha zimo mikononi mwa watu, kijana mmoja aliingia dukani kwangu mbio, akajibanza nyuma ya magunia ya chumvi. Hakusema neno ila, "Baba, nifiche." Kabla sijamuuliza kitu, kundi la watu lilikwisha jaa barazani. Wakasema kijana yule ameiba fedha za kahawa za mzee mmoja. Nikawaambia tumwite mwenyekiti wa kijiji. Wakanijibu, "Mtoe, ama tutasema kwamba duka hili ni maficho ya wezi."

Nakuambieni kweli, neno hilo ndilo lililoniangusha. Sikumwogopea kijana, nililiogopea jina la duka. Nikamshika mkono nikamtoa nje, nikafunga mlango, nikasikia yaliyofuata. Walimpiga hata wakamvunja mkono. Siku ya tatu fedha zikaonekana: mwenyewe alikuwa amezificha ndani ya mto wa kulalia, akasahau.

Nilikwenda nyumbani kwa mama yake kuomba radhi. Alinipa kigoda nikakaa. Akaniambia, "Baba, mwanangu alikimbilia kwako kwa sababu alidhani wewe ni mtu mzima." Hakuongeza jingine. Na lile jina la duka nililolihifadhi? Watu wale wale waliompiga ndio waliokuwa wakisema njiani, "Yule ukikimbilia kwake, atakutoa." Nilitoa mtu ili ninunue jina, nikapoteza vyote viwili.

Ndugu zangu, yaliyonipata mimi barazani yamezipata serikali katika ikulu zao.

Sisi tuliosoma chuoni tulisimuliwa habari ya Najashi, mfalme wa Habash. Yapata mwaka wa 615 wa kuhesabu kwa kuzaliwa Nabii Isa, Waislamu wachache walioteswa Makka walivuka bahari wakakimbilia kwake. Makureshi wakatuma wajumbe wawili, mmoja wao akiwa Amr bin al-As, mtu mwerevu wa maneno, wakachukua zawadi za ngozi nzuri kwa mfalme na kwa wakubwa wake. Wakadai wale watu watolewe, na wakubwa wa baraza, ambao zawadi zilikwisha wafikia, wakasema ni sawa watolewe. Mfalme akakataa kukata shauri kabla ya kuwasikia wanaotakiwa. Akawaita, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib akijitetea yeye na wenzake, kisha akawarudishia wajumbe zawadi zao.

Tazameni alichofanya mfalme yule, ambaye wakati huo alikuwa Mkristo, juu ya watu wasiokuwa wa dini yake wala wa kabila lake. Hakusema, "Makureshi ni wateja wetu, biashara itaharibika." Aliweka masikio mbele ya zawadi. Imepita miaka zaidi ya elfu na mia nne, na jina la Habash lingali linatajwa kwa wema katika kila chuo, hata hapa Mbinga, kwa ajili ya baraza la siku moja. Na majirani zangu Wakristo wameniambia kwamba katika Torati nao wanayo miji sita ya makimbilio, ambamo aliyeua bila kukusudia aliweza kuingia akalindwa na mwenye kisasi mpaka ahukumiwe mbele ya watu. Basi jambo hili si la dini moja.

Lakini haki inanilazimisha niseme na upande wa pili. Yako makosa ambayo mwenye kuyatenda hana haki ya kujificha nyuma ya mpaka. Muuaji hawi mkimbizi kwa kuvuka mto Ruvuma. Na ahadi kati ya nchi na nchi ni ahadi. Tulifundishwa pia habari ya Hudaibiya, mwaka wa sita wa Hijra: mkataba ulipokuwa ukiandikwa, Abu Jandal alikuja akiburura minyororo, akiomba kupokewa na Waislamu, naye akarudishwa kwa watu wake kwa sababu ya sharti lililokubaliwa. Wenye kuliona jambo lile walilia, lakini sharti lilikuwa limewekwa waziwazi, na kila mtu alilijua.

Basi sisemi kwamba anayetakiwa asitolewe kabisa. Nasema kwamba kuna kutoa kwa sheria na kuna kutoa kwa hofu au kwa biashara. Hata sheria yetu ya Tanzania ya kuwarudisha watuhumiwa, iliyotungwa mwaka wa 1965, imeweka njia. Nchi inayomtaka mtu humwandikia Waziri. Mtu huletwa mbele ya hakimu. Hakimu hutazama kosa na ushahidi. Mtu hupata nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kupinga. Na kosa likiwa ni la siasa, hatolewi. Njia hiyo ni ndefu, na urefu wake una maana: hasira zipoe na ukweli upate muda wa kufika.

Na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulipokutana Addis Ababa, uliweka mkataba wa wakimbizi tarehe 10 Septemba 1969. Humo viongozi wa Afrika walikubaliana kwamba kumpa mtu hifadhi ni kitendo cha amani na cha utu, wala nchi yoyote isikihesabu kuwa ni uadui. Likumbukeni neno hilo, maana kila serikali inayotaka mtu kwa nguvu huanza kwa kusema, "Mnamhifadhi adui yetu, basi nanyi ni adui."

Sasa tushuke ziwani. Mtu akitoka Mbinga akafika Mbamba Bay, ng'ambo ya maji anayoyatazama ni Malawi. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na haikupita miezi mitatu ila mawaziri waligombana na Dr. Hastings Kamuzu Banda. Wengine walifukuzwa, wengine wakajiuzulu, na wengi wakaikimbia nchi. Tanzania iliwapokea kwa nyakati mbalimbali watu kama Kanyama Chiume, Henry Masauko Chipembere na Orton Chirwa. Banda aliona uchungu mkubwa, na ujirani wa nchi mbili hizi ukawa mbaya kwa miaka mingi. Mwaka wa 1968 alifika hata kudai kwamba sehemu za nchi yetu ya huku kusini ni za Malawi. Juu ya hayo yote, Tanzania haikuwatoa. Huo ni uzuri wa nchi yetu, nami nautaja kwa fahari.

Katika hao nataka mumtazame Bwana Orton Chirwa na mkewe Bibi Vera Chirwa. Bwana alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nchi yake kuwa wakili wa daraja la juu, na Bibi alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuwa mwanasheria. Mwaka wa 1959, Banda alipokuwa kifungoni, Orton Chirwa ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Malawi Congress Party. Banda alipofunguliwa mwaka wa 1960, alimpisha kiti. Miaka mitano haikutimia, na aliyempisha mwenziwe kiti akawa mkimbizi.

Usiku wa kuamkia Krismasi wa mwaka wa 1981, mume na mke hao pamoja na mtoto wao walijikuta mikononi mwa polisi wa Malawi. Wenyewe walisema kwamba walitekwa katika nchi ya Zambia, upande wa Chipata, wakavushwa mpaka kwa nguvu. Serikali ya Malawi ilisema imewakamata ndani ya ardhi yake. Palikuwa na mabishano juu ya njia waliyoingilia, lakini jambo moja halina mabishano: hakuna hakimu yeyote wa Zambia aliyeulizwa kama watolewe.

Kisha wakapelekwa mbele ya mahakama ya jadi, ambamo wengi wa waliohukumu walikuwa machifu wasiosomea sheria. Mawakili wawili hao, waliokuwa wametetea watu maisha yao yote, hawakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka wa 1983 walihukumiwa kunyongwa kwa kosa la uhaini, na rufani yao ikakataliwa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza kupanda. Amnesty International iliwahesabu kuwa ni wafungwa waliofungwa kwa fikira zao. Wanasheria, makanisa na serikali za nchi mbalimbali zilimwomba Banda asiwaue. Watu wa kawaida, ambao hawakuwahi kuliona Ziwa Nyasa, waliketi mezani wakaandika barua na kubandika stempu. Serikali ya Malawi iliyapenda sana mapambo ya jina lake: ilijisifu kwa utulivu, kwa nidhamu na kwa adabu ya mavazi. Mwaka wa 1984 Banda aliibadili hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha.

Yuko atakayesema, "Basi barua zilifaa nini, ikiwa wamebaki gerezani?" Nami namjibu kwamba ziliwaacha hai. Lakini sitaki kulipaka sukari jambo hili. Mume na mke waliwekwa katika gereza moja, Zomba, wakatenganishwa kwa ukuta. Mnamo Septemba 1992, ujumbe wa wanasheria wa Uingereza ulipofika kuwatazama, wawili hao waliruhusiwa kuonana kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Oktoba 1992, Orton Chirwa alifariki gerezani, naye ana miaka 73. Mkewe hakuruhusiwa kwenda kumzika. Bibi Vera alifunguliwa tarehe 24 Januari 1993, baada ya miaka kumi na mmoja.

Na utulivu ule uliokuwa ukisifiwa ulifika wapi? Mwezi wa Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wa Malawi waliandika waraka ukasomwa makanisani, wakayataja maovu ya nchi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo nchi tajiri zilizokuwa zikiisaidia Malawi zilisimamisha misaada mipya isiyokuwa ya kuokoa roho za watu. Mwaka wa 1993 wananchi walipiga kura wakaukataa utawala wa chama kimoja, na mwaka wa 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi. Bibi Vera Chirwa, mfungwa wa Zomba, akaja kuwa mjumbe wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, akapewa kazi ya kukagua magereza ya bara zima. Leo Mmalawi akitaka kuitajia dunia heshima ya nchi yake, humtaja yeye, wala hamtaji aliyemfunga.

Basi nani aliyeliharibu jina la Malawi? Ni yule aliyeandika barua, au ni yule aliyewavusha watu mpaka usiku? Wahenga wamekwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mabibi na mabwana, nisingekuwa mwaminifu lau ningeishia ng'ambo ya ziwa. Ni rahisi kuona kibanzi katika jicho la jirani. Sisi nasi tumetoa watu.

Mwaka wa 1969, mwaka ule ule wa mkataba wa Addis Ababa, Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, watu wawili waliopata kushika vyeo vikubwa katika nchi hii, walikuwa mikononi mwa serikali huku bara. Hanga alikuwa mmoja wa wakubwa wa kwanza wa serikali ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Walikabidhiwa kwa serikali ya Visiwani. Hawakuletwa mbele ya mahakama ya wazi, wala watu wao hawakuwaona tena. Waliuawa, na mpaka leo jamaa zao hawana kaburi la kusomea fatiha.

Yuko atakayesema kwamba huku si kutoa kwa nchi nyingine, maana Bara na Visiwani ni Jamhuri moja. Kwa kalamu ni kweli. Lakini mtu aliyetolewa mahali penye hakimu na wakili akapelekwa mahali pasipo navyo, yeye hauoni Muungano. Anaona mlango umefungwa nyuma yake.

Kisha tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume aliuawa. Watu wengi walishitakiwa, na baadhi yao, pamoja na Abdulrahman Mohamed Babu, walikuwa wameshikwa bara. Visiwani walitakiwa. Safari hii Mwalimu Nyerere hakuwatoa. Kule Zanzibar, katika mahakama ambamo mawakili hawakuruhusiwa, Babu alihukumiwa kifo mwaka wa 1974 ilhali mwenyewe hayupo. Huku bara alibaki kizuizini bila ya hukumu, jambo ambalo nalo si la kusifiwa, na watu wa nchi nyingi wakapiga kelele afunguliwe. Alifunguliwa mwaka wa 1978, akaishi, akaandika, akafundisha, akabishana na kila mtu mpaka alipofariki mwaka wa 1996.

Kiongozi ni yule yule, na nchi ni ile ile. Mwaka wa 1969 mlango ulifunguliwa na watu wakafa. Mwaka wa 1972 mlango ulikataliwa kufunguliwa na watu wakaishi. Sijui kama yuko Mtanzania mmoja anayeona haya leo kwa sababu Babu hakutolewa. Lakini habari ya Hanga na Othman bado ni jeraha, na jeraha hilo limeachwa kwa watoto ambao mwaka huo hawajazaliwa.

Yako na ya biashara. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga wa Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi wakashindwa. Mkubwa wao, Hezekiah Ochuka, alikimbia na mwenziwe kwa ndege mpaka Dar es Salaam, wakapewa hifadhi. Wakati huo wako watu waliotakiwa na Tanzania kwa shutuma za kutaka kumpindua Mwalimu, nao walikuwa wamekimbilia Kenya. Mwaka wa 1983, nchi mbili zilipopatana na mpaka uliofungwa tangu 1977 ukafunguliwa, watu hao walibadilishwa, hawa kwa wale. Ochuka alinyongwa mwaka wa 1987. Sisemi kwamba aliyoyafanya yalikuwa mema. Mimi ni mtu wa duka, na kubadilishana ndiyo kazi yangu: sukari kwa fedha, sabuni kwa mahindi. Lakini mtu aliyekwisha pewa hifadhi si gunia la sukari. Ahadi ya nchi ikiwa na bei, mnunuzi hakosi.

Msidhani ya kuwa wanaodai sheria wanaupenda uhalifu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliripuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya mia mbili na Dar es Salaam watu 11, wengi wao wakiwa wenzetu waliokuwa kazini kwao au wakipita njia. Mmoja wa walioshiriki, Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwezi wa Oktoba 1999, na papo hapo akapewa Wamarekani wakaondoka naye kwa ndege. Sheria ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha futa hukumu ya kifo, na hakuna aliyewaomba Wamarekani ahadi kwamba hatauawa. Mawakili wakaipeleka serikali yao wenyewe mbele ya Mahakama ya Katiba. Tarehe 28 Mei 2001 majaji walisema kwamba serikali imevunja Katiba, wakaamuru hukumu yao ipelekwe kwenye mahakama ya New York. Huko wazee wa baraza hawakuafikiana juu ya kumwua, naye akafungwa maisha.

Je, Afrika Kusini ilidharauliwa kwa hukumu hiyo? Imekuwa kinyume. Majaji duniani huisoma mpaka leo, wakijifunza namna nchi inavyoweza kumchukia muuaji kwa haki, ikakataa yenyewe kuivunja sheria yake kwa ajili yake. Waliokufa walipata haki yao, na Katiba ikapata ya kwake.

Wala msiseme kwamba haya ni ya zamani. Tarehe 16 Novemba 2024, Dr. Kizza Besigye, mpinzani wa miaka mingi wa serikali ya Uganda, alikuwa Nairobi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu. Alitoweka. Baada ya siku nne akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi, naye si mwanajeshi tena. Hakuna hakimu wa Kenya aliyemtoa. Na mwezi mmoja tu kabla ya hapo Kenya ilikuwa imechaguliwa kuingia katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Wananchi wa nchi zote mbili walipaza sauti, na tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema kwamba raia hawapasi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Kiti cha heshima kule Geneva ni kitu kizuri, lakini dunia haitazami kiti, inatazama mlango.

Sasa nirudi kwenye swali la kelele za watu, maana hapa pana mtego nami nilinaswa nao. Lile kundi la barazani kwangu nalo lilikuwa ni watu wakipaza sauti. Basi si kila sauti ya umma ni ya haki. Ziko sauti zinazosema, "Mtoe," na ziko zinazosema, "Asikilizwe." Ya kwanza inataka mtu, ya pili inataka hukumu. Sauti inayotaka mtu hujaa haraka, na akishavunjika mkono hutawanyika, wala hutamwona mmoja akija kumwuguza. Sauti inayotaka hukumu ni ya watu wachache mwanzoni, hutukanwa kwamba ni ya vibaraka, nayo huchukua miaka. Waliomwandikia Banda waliandika kwa miaka kumi.

Na serikali, kama mwenye duka, hupatwa na hofu ya kusemwa. Huogopa jirani mwenye nguvu, huogopa mnunuzi mkubwa, huogopa magazeti ya ng'ambo. Hofu hiyo si dhambi. Kosa ni kudhani kwamba jina jema linapatikana kwa kumridhisha anayepiga mlango kwa nguvu zaidi. Anayeridhika leo kwa sababu umemtoa mtu, kesho atakudharau kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi watu wa Mpepai si mabalozi. Lakini Ziwa liko chini yetu, Msumbiji iko kusini yetu, na watu watavuka kama walivyovuka siku zote, wema na wabaya. Nakuombeni tuwe na maswali manne, tuyaulize barazani na tumwulize kila anayetuomba kura. Anayetakiwa ameshitakiwa kosa gani, la jinai au la fikira? Je, hakimu amemsikia kabla hajatolewa? Huko anakopelekwa atapata wakili na mahakama ya wazi? Na je, nchi inayomtaka imetoa ahadi ya maandishi kwamba hatateswa wala hatauawa? Yakijibiwa vizuri yote manne, na apelekwe, nami nitamsindikiza. Moja likikosa jawabu, basi kusema kwetu si uadui kwa serikali. Ni kuikumbusha serikali kwamba jina la nchi ni letu sote, wala halikuwekwa rehani.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto. Mkono wake haukupona sawasawa. Huutambua akiinua kikapu cha kahawa. Hupita mbele ya duka langu akanisalimu kwa adabu, lakini haingii. Hununua chumvi kwa mwenzangu. Kila nikimwona akipita nakumbuka kwamba siku ile niliombwa kitu kidogo tu: nifunge mlango mpaka mwenyekiti afike.